MBA ya Marekani kwa mgeni: masomo ni nusu, kalenda ni nusu

Anayetoka Nairobi, Kampala au Kigali kwenda kusoma MBA ya miaka miwili Marekani kwa kawaida amejiandaa kwa jambo moja, nalo ni masomo. Amefanya mtihani wa GMAT au GRE, ameandika insha, amesailiwa na chuo. Akishafika, anagundua kuwa masomo yanabebeka. Kinachomlemea ni kalenda mbili zinazokwenda sambamba na darasa bila kulisubiri: ya waajiri, ambayo huanza kabla hajazoea baridi, na ya uhamiaji, ambayo huhesabu siku moja moja. Mwanafunzi Mmarekani ana kalenda ya kwanza tu. Mgeni anazo zote mbili, na mara nyingi zinavutana.

Tuanze na karatasi, maana ndizo zinazoanza.

Chuo hakitoi viza ya mwanafunzi, iitwayo F-1. Kinachotoa ni fomu I-20, inayotoka kwenye mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni uitwao SEVIS, na hakitaitoa mpaka uonyeshe fedha za mwaka wa kwanza: karo, makazi, chakula, bima ya afya na vitabu. Katika vyuo vikubwa karo peke yake imepita dola 80,000 kwa mwaka, na ukijumlisha maisha ya mji kama Boston au New York unavuka 120,000. I-20 ikishatoka unalipa ada ya SEVIS, dola 350, kisha unajaza fomu ya maombi ya viza, DS-160, unalipa ada ya viza ya dola 185 na kupanga siku ya usaili ubalozini.

Usaili ule una mantiki yake. Kifungu cha 214(b) cha sheria ya uhamiaji kinamtaka ofisa aanze na dhana kwamba kila mwombaji ana nia ya kuhamia moja kwa moja. Kazi ya kumthibitishia vinginevyo ni yako, na muda ulio nao ni dakika chache dirishani. Faili nene la hati za viwanja mara nyingi halifunguliwi kabisa. Anachosikiliza ofisa ni kama unaweza kueleza kwa sentensi mbili tatu kwa nini chuo hiki, nani analipa, na ukimaliza unarudi kufanya nini. Jibu lililokaririwa hujulikana haraka.

Waombaji wa Burundi na Tanzania wana jambo la kutazama kabla ya hayo yote. Amri ya rais wa Marekani ya Juni 2025 iliiweka Burundi kwenye orodha ya nchi ambazo utoaji wa viza kadhaa, zikiwemo za wanafunzi, umesimamishwa. Amri ya Desemba 2025 ikaongeza nchi nyingine, Tanzania ikiwemo. Amri hizi zina watu zinaowaacha nje, kama wenye uraia wa nchi nyingine wanaosafiri kwa pasipoti hiyo, na hubadilishwa. Soma maandishi yenyewe kwenye tovuti ya ubalozi kabla hujalipa amana ya chuo, kwa kuwa amana nyingi hazirudishwi.

Fedha sasa. Mikopo ya serikali ya Marekani haimgusi mwenye viza ya F-1. Mikopo binafsi ya benki za kule hudai mdhamini raia au mkazi wa kudumu, na wengi hawana. Ndiyo maana kampuni kama Prodigy Finance na MPOWER zimepata soko: zinakopesha bila mdhamini kwa kuangalia chuo na kipato unachotarajiwa kupata baadaye. Riba yao ni ya kusoma kwa makini, hasa kama inapanda na kushuka na soko. Upande wa ufadhili, Harvard hutoa msaada kwa kuangalia uhitaji, si alama. Stanford ina ufadhili maalumu kwa raia wa nchi za Afrika wenye uhitaji, unaolipa karo na ada kwa wanafunzi wachache kila mwaka, kwa sharti la kurudi kufanya kazi barani ndani ya miaka miwili baada ya kuhitimu, na kukaa angalau miaka miwili. Sharti hilo huwatisha wengine. Ukipiga hesabu ya deni la dola laki moja na zaidi, halitishi sana.

Kisa mezani, jina kwenye kibao

Vyuo kama Harvard na Darden ya Virginia hufundisha karibu kila kitu kwa visa. Kisa ni andiko la kurasa 10 hadi 20 hivi kuhusu kampuni iliyofika njia panda, likifuatwa na majedwali ya takwimu. Mwalimu hahutubii. Anaingia, anamtaja mtu mmoja aliyeketi nyuma ya kibao chenye jina lake, na kumwambia afungue: ungekuwa mkurugenzi, ungefanya nini? Harvard huweka wanafunzi 90 hivi katika mkondo mmoja, na katika kozi nyingi uchangiaji darasani hubeba karibu nusu ya alama.

Hapo ndipo malezi yetu ya shule yanapotugharimu. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki amefunzwa kusubiri aitwe, kutomkatiza mkubwa na kutosema asichokuwa na hakika nacho. Katika darasa la kisa, ukimya wa heshima na ukimya wa kutosoma huandikwa alama ileile. Dawa yake ni ya kiufundi zaidi kuliko ya ujasiri. Panga kusema ndani ya dakika 20 za mwanzo, wakati hoja rahisi bado hazijachukuliwa. Baada ya hapo lazima uunganishe mambo matatu yaliyokwisha kusemwa, na kwa lugha ya tatu au ya nne hiyo ni kazi. Njoo na namba moja uliyoikokotoa mwenyewe kutoka kwenye majedwali, kama faida kwa kila mteja au siku ambazo akiba ya fedha itadumu. Namba haihitaji lafudhi. Na sema hoja moja kwa nusu dakika, kisha nyamaza.

Kusoma visa viwili au vitatu kwa siku neno kwa neno hakuwezekani. Wanaomudu husoma aya ya kwanza na ya mwisho, ambako tatizo na mtoa uamuzi hutajwa, halafu majedwali, halafu ndipo wanarudi katikati wakijua wanachotafuta. Saa mbili kwa kisa zinatosha. Kikundi cha watu watano au sita hukutana asubuhi kabla ya darasa, na kazi yake halisi ni kukupa nafasi ya kulisema wazo lako kwa sauti mara moja kabla ya kulisema mbele ya watu 90.

Wahasibu wana mtego wao. Aliyefuzu CPA Kenya au Tanzania amesoma kwa viwango vya kimataifa vya uhasibu, IFRS, na anaingia somo la hesabu akidhani atapumzika. Marekani wanatumia viwango vyao wenyewe, US GAAP. Mizania yao huanza na fedha taslimu na kushuka hadi mali za kudumu, kinyume cha mpangilio uliozoeleka katika ripoti nyingi za kwetu. Njia ya LIFO ya kuthamini bidhaa ghalani, inayochukulia kuwa iliyoingia mwisho ndiyo huuzwa kwanza, ambayo IFRS imeipiga marufuku, kule ni halali. Gharama za kuendeleza bidhaa mpya, ambazo IFRS huruhusu kuzihesabu kama mali zikitimiza masharti, kule kwa kawaida huliwa kama matumizi ya mwaka huohuo. Mjuzi anayejibu haraka bila kuuliza ni kiwango gani ndiye anayekosea kwa kujiamini.

Alama zenyewe hugawanywa kwa mkunjo: Chicago Booth, kwa mfano, huweka ukomo wa wastani wa darasa kuwa 3.33. Maana yake, wote mkifanya vizuri, bado wengine watapata chini. Ila Booth, Wharton na Stanford zina desturi ya kutowaonyesha waajiri alama za wanafunzi, na desturi hiyo inaeleza kwa nini utawaona Wamarekani werevu wakiacha kusoma kisa mwezi Oktoba. Si kwamba wamekuwa wavivu. Wamehamia kalenda ya waajiri.

Waajiri hawangoji muhula uishe

Kampuni za ushauri na benki za uwekezaji hufika chuoni Septemba na Oktoba, wiki chache baada ya masomo kuanza. Wanachotafuta si waajiriwa wa kudumu bado. Wanatafuta watu wa mafunzo kazini ya wiki 10 hivi wakati wa kiangazi kinachofuata. Maombi kwa kawaida hufungwa kati ya Novemba na mwanzo wa Januari, usaili ni Januari na Februari, na mwisho wa kiangazi aliyefanya vizuri hupewa kazi ya kudumu kabla hajaanza mwaka wa pili. Kampuni za teknolojia na kampuni changa huajiri baadaye, kuelekea machipuo, nafasi zinapojitokeza. Kwa mgeni anayekwenda benki au ushauri, basi, miezi minne ya kwanza ina uzito kuliko miezi 17 inayobaki.

Jambo la kwanza la kubomoa ni wasifu. Ule wa kurasa nne wenye picha ya pasipoti, dini, hali ya ndoa, namba ya kitambulisho na wadhamini watatu haufai hata kuhaririwa, anza upya. Ukurasa mmoja. Hakuna picha, umri, ndoa wala dini, kwa kuwa mwajiri wa kule hataki kuonekana aliamua kwa vigezo hivyo. Kila mstari unaanza na kitendo na kuishia na matokeo yanayopimika, kwa dola na si shilingi. Kama mwajiri wako wa nyumbani hajulikani kule, mweleze kwa maneno sita: benki ya tatu kwa ukubwa nchini, matawi 200. Bila hivyo msomaji wa Chicago hana namna ya kujua kuwa ulikuwa mtu mzito.

Linalofuata ni mazungumzo ya kahawa. Ni dakika 20 au 30 na mtu wa kampuni, kwa simu au ana kwa ana, na kwa jina ni ya kujuana tu. Si ya kujuana tu. Katika benki hasa, anayezungumza nawe anaweza kuulizwa baadaye kama uitwe kwenye usaili. Kwa hiyo uliza maswali ambayo tovuti ya kampuni haijajibu, maliza kwa wakati, tuma barua fupi ya shukrani ndani ya saa 24, na weka jedwali la nani uliongea naye lini na mkasema nini. Sisi tunaotoka kwenye desturi ya salamu ndefu huona mtindo huu mkavu. Lakini kumuuliza mtu habari za nyumbani kwa dakika nane kati ya 20 ni kumnyima nafasi ya kukusaidia.

Usaili wa kampuni za ushauri una kikwazo kisichosemwa. Utapewa tatizo la biashara, mara nyingi la Marekani, na kutakiwa kukadiria ukubwa wa soko kichwani. Mwenyeji anajua bila kufikiri kwamba nchi ina watu milioni 340 hivi na kaya milioni 130 hivi, kwamba galoni moja ni lita 3.8, na gari la kawaida linatembea maili ngapi kwa mwaka. Wewe huna, na ni suala la kukariri, si akili. Andika ukurasa mmoja wa namba za aina hiyo na uubebe tangu Septemba.

Kwenye fomu za maombi kuna maswali mawili yanayofanana na kumbe ni tofauti. La kwanza: una ruhusa ya kufanya kazi Marekani? Kwa mafunzo ya kiangazi, ukiwa njiani kupata CPT, ruhusa ya kufanya kazi ya mafunzo ukiwa bado masomoni, mweleze mwajiri hivyo. Ofisi ya ajira ya chuo itakupa maneno yanayokubalika. La pili: sasa au baadaye, utahitaji udhamini wa viza? Kwa mwenye F-1 anayetaka kubaki, jibu ni ndiyo. Wapo wanaobonyeza hapana ili wavuke mchujo. Hugundulika siku ya kuandika mkataba, na ofa huondolewa. Njia iliyo safi ni kuepuka mapema waajiri wasiodhamini: idara ya uhamiaji, USCIS, huchapisha orodha ya waajiri na idadi ya viza za H-1B, yaani za kazi zinazodhaminiwa na mwajiri, walizoombea watu, na ofisi ya ajira ya chuo inajua nani aliajiri wageni mwaka jana. Saa mbili za kupekua orodha hiyo mwezi Agosti zinaokoa wiki za Novemba.

Siku zinazohesabiwa

Kazi ndani ya chuo inaruhusiwa, hadi saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea. Nje ya chuo hakuna, mpaka upate ruhusa, na hapo ndipo vifupisho viwili vinapochanganya watu.

CPT ndiyo ruhusa ya mafunzo ya kiangazi. Hutolewa na ofisa wa chuo mwenyewe, kwa kawaida baada ya mwaka mmoja kamili wa masomo, na lazima kazi iwe sehemu ya mtaala. Ndiyo sababu vyuo vingine hukusajili kwenye kozi ndogo kwa ajili hiyo tu. Unapeleka barua ya ofa yenye cheo, anwani, tarehe na saa za kazi, nawe unarudishiwa I-20 mpya iliyoandikwa ruhusa. Kosa linalojirudia ni kuanza kazi siku mbili kabla ya tarehe iliyoandikwa, kwa kuwa mwajiri alifanya kikao cha utambulisho. Siku mbili hizo ni kazi bila ruhusa, na hazifutiki kwenye rekodi. Ukitumia miezi 12 au zaidi ya CPT ya kutwa, unapoteza OPT, ruhusa ya kazi ya baada ya kuhitimu, yote ya ngazi hiyo ya masomo. Wiki 10 za kiangazi haziidhuru.

OPT ni miezi 12 ya kazi baada ya kuhitimu. Hii inatolewa na USCIS kwa fomu I-765, na dirisha lake hufunguka siku 90 kabla ya tarehe ya mwisho ya programu na kufungwa siku 60 baada yake. Ofisa wa chuo akishaweka pendekezo lake SEVIS, una siku 30 tu za kutuma ombi. Ndani yake kuna hesabu ambayo watu wa MBA huikosea kuliko wanafunzi wengine. Ukiwa kwenye OPT huruhusiwa kukaa bila kazi zaidi ya siku 90 kwa jumla, na siku hizo huanza kuhesabiwa tarehe ya kuanza iliyo kwenye kadi yako ya ruhusa ya kazi. Tarehe hiyo unaichagua wewe, mradi iwe ndani ya siku 60 baada ya programu kuisha.

Chukua programu inayoisha Mei 15, na kampuni ya ushauri inayoanzisha waajiriwa wapya Septemba 15. Mwanafunzi mwenye haraka anachagua OPT ianze Mei 20. Hadi Septemba 15 atakuwa amekaa siku 118 bila kazi, yaani amevunja masharti akiwa na mkataba mnono mfukoni. Mwenzake anachagua Julai 10: siku 67, na anabakiwa na 23 za akiba. Tofauti ni tarehe moja kwenye fomu. Aliyekwisha kukosea anaweza kuokolewa na kazi inayohusiana na fani yake ya saa 20 kwa wiki au zaidi, hata ya kujitolea, kwa kuwa hiyo husimamisha hesabu.

Kisha kuna nyongeza ya miezi 24 kwa waliosoma fani za sayansi na teknolojia. Miaka ya karibuni vyuo vingi vya biashara vimesajili MBA yote, au baadhi ya michepuo, chini ya msimbo wa sayansi ya menejimenti, 52.1301, ambao umo kwenye orodha hiyo. Msimbo umeandikwa kwenye I-20. Uliza kabla ya kukubali nafasi, tena uliza kama ni MBA yote au mchepuo fulani tu, kwa kuwa kwingine lazima uchague masomo kadhaa ya takwimu ili ustahili. Mwajiri naye lazima awe amejiunga na E-Verify, mfumo wa serikali wa kuhakiki ruhusa za kazi, na asaini mpango wa mafunzo, fomu I-983. Anayetaka kuanzisha kampuni yake ajue kuwa OPT ya kawaida inamruhusu kujiajiri, ila nyongeza hii inadai mwajiri halisi anayekusimamia.

Umuhimu wa nyongeza hiyo unaonekana ukitazama H-1B. Nafasi mpya ni 65,000 kwa mwaka, na 20,000 zaidi kwa wenye shahada ya uzamili ya Marekani. Usajili hufanyika Machi, kazi huanza Oktoba 1, na wanaoomba huzidi nafasi. Aliyehitimu Mei 2027 bila nyongeza ana Machi moja kabla OPT haijaisha, ile ya 2028. Mwenye nyongeza ana tatu: 2028, 2029 na 2030. Kuhusu malipo ya dola 100,000 yaliyowekwa na amri ya Septemba 2025 kwa maombi mapya ya H-1B: mwongozo wa USCIS wa Oktoba 2025 ulisema hayawahusu wanaobadilisha hadhi wakiwa ndani ya nchi, kundi ambalo wahitimu wengi wa F-1 wamo. Hata hivyo yamewafanya waajiri wengine wajikunje, na swali hilo ni la kumuuliza mwajiri, si la kubahatisha.

Kodi, nyumba, familia

Kwa miaka mitano ya kalenda ya mwanzo, mwenye F-1 huhesabiwa si mkazi kwa sheria ya kodi. Anajaza fomu ya kodi ya wasio wakazi, 1040-NR, na si 1040 ya kawaida, na hata asiye na kipato hutuma fomu 8843. Programu nyingi maarufu za kujaza kodi hazina 1040-NR. Vyuo vingi hulipia programu ya wageni. Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, kwa hiyo msamaha anaoupata jirani yako Mhindi haukuhusu, usimwige. Ufadhili unaolipia karo hautozwi. Ule wa chakula na nyumba unatozwa, na chuo kwa kawaida hukata asilimia 14 moja kwa moja. Kwa upande wa pili, mshahara wa kiangazi haupaswi kukatwa asilimia 7.65 ya hifadhi ya jamii na bima ya wazee. Idara za mishahara hukata kwa mazoea, basi angalia hati ya malipo ya kwanza na udai ukiwa bado kazini.

New York wenye nyumba hutaka kipato cha mwaka kiwe mara 40 ya kodi ya mwezi, au mdhamini mwenye mara 80. Mwanafunzi mgeni hana hicho wala hana historia ya mikopo, kwa hiyo nyumba za chuo, hata ndogo, ndizo njia fupi kwa mwaka wa kwanza.

Mwenzi anayekuja kwa F-2, viza ya familia ya mwanafunzi, haruhusiwi kufanya kazi, na kusoma ni kwa muda tu, si kutwa. Wastani wa umri darasani ni kama 28, kwa hiyo wengi wanaoa, wanaolewa au wana mtoto. Mke aliyeacha kazi ya benki Mombasa akakaa miaka miwili bila ruhusa ya kazi ni gharama ambayo haimo kwenye jedwali la chuo, na ni vema izungumzwe kabla ya tiketi kukatwa.

Halafu kuna safari ya nyumbani. Viza iliyo kwenye pasipoti ni ya kuingilia tu. Ikiisha ukiwa ndani na I-20 yako iko sawa, huna kosa. Tatizo ni kutoka. Ukienda harusi ya Desemba na viza imekwisha, utarudi ubalozini kusailiwa upya, na foleni ya Desemba ni ndefu. I-20 iwe na saini ya safari ya ndani ya mwaka mmoja, au miezi sita ukiwa kwenye OPT, na ukiwa OPT beba pia kadi ya kazi na barua ya mwajiri. Saini hiyo huombwa ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla ya likizo, na mwezi Desemba ofisi hiyo hufungwa wiki ya Krismasi.